Simu ndani ya soksi

SAFU: KUTOKA UFIPA
Na Gaudensia Sikazwe

Nyumbani kwa dada yangu, Kasanga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuna msumari kwenye fremu ya dirisha la sebuleni. Kwenye msumari huo ameninginiza soksi ya mtoto, na ndani ya soksi kuna simu. Kuanzia saa moja jioni haruhusiwi mtu kuigusa, kwa sababu ndiyo ruta ya nyumba nzima: imewashwa hotspoti, na kila mwenye simu pale ndani, pamoja na jirani mmoja wa ukuta wa pili, anavuta kutoka kwenye soksi. Nilipofika mara ya kwanza niliitoa, nikaiweka mezani nisome ujumbe. Ni hatua mbili tu kutoka dirishani. Alama ya 4G ikapotea, ikabaki herufi E, na kutoka chumba cha pili nikasikia, "Mama mdogo, umefanya nini?"

Naieleza soksi hiyo kwa sababu ya mwalimu mmoja wa huko huko mwambao aliyeniandikia wiki mbili zilizopita. Ana akiba kidogo, anataka intaneti ya nyumbani, anauliza anunue ruta ya kampuni gani. Vodacom, Airtel, Halotel, Yas ambayo wengi bado tunaiita Tigo, au TTCL? Ametazama matangazo ya wote na kila mmoja anasema ndiye mwenye kasi kuliko mwenzake.

Mwalimu wangu, matangazo hayo yanazungumza habari za Dar es Salaam. Kasanga ni habari nyingine, na ya kwanza kabisa ni ya mlima.

Sumbawanga iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Ukitoka mjini ukapita Matai kuelekea bandarini, unasafiri zaidi ya kilomita mia moja, na katika safari hiyo unashuka kilomita nzima kwenda chini. Wasafiri wanaijua kwa masikio kuziba. Mawimbi ya simu nayo yanaijua, kwa namna yake. Mnara ni kama mtu aliyesimama na kurunzi usiku. Akiwa juu ukingoni akamulika mbele, mwanga unapita juu ya paa la aliye bondeni na kwenda kuangaza maji. Mnara wa kukufaa ni ule unaouona, au uliojengwa huko huko chini uliko. Masafa ya chini, kama yale ya megahertz 700 na 800, yana uvumilivu kidogo, yanakunja kona na kupenya ukuta. Yale ya juu, ambayo ndiyo hubeba kasi kubwa inayotangazwa, yakikuta jiwe yanakufa.

Kwa hiyo swali la kampuni gani haliwezi kujibiwa nikiwa Sumbawanga, na wala muuza laini mwenye mwavuli hawezi kulijibu. Linajibiwa sebuleni kwako. Azima laini ya kila mtandao kwa majirani, siku moja moja. Iweke simu mahali hasa utakapoweka ruta, si nje chini ya mwembe. Pima saa mbili usiku, wakati kijiji kizima kimerudi nyumbani na mnara umelemewa, kisha pima tena saa kumi alfajiri. Ukiona tofauti kubwa kati ya nyakati hizo mbili, ujue mnara unaufikia vizuri, ila mnaugawana wengi. Ukiona ni mbaya saa zote, shida ni mlima, na hakuna bando litakalouhamisha. Hapo ruta yenye tundu la kuchomeka antena ya nje, ikapandishwa kwenye mlingoti juu ya bati, inaweza kukufaa kuliko ruta ya bei mara mbili isiyo na tundu hilo. Wauzaji wengi hawalitaji, nadhani kwa sababu hakuna anayewauliza.

Halafu kuna fedha. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliweka mipaka ya bei za vifurushi: MB moja isiuzwe chini ya shilingi 2.03 wala zaidi ya shilingi 9.35. Piga hesabu mwenyewe. MB elfu moja kwa bei ya chini ni shilingi 2,030, na kwa bei ya juu ni 9,350. Huduma ile ile, mnara ule ule. Na kwa kawaida anayekaribia bei ya juu ni nani? Ni yule anayejiunga bando la siku kwa shilingi mia tano, leo hivi na kesho hivi, kwa sababu hana ya mwezi mfukoni. Tume ya Broadbandi ya Umoja wa Mataifa ililenga kwamba ifikapo mwaka 2025 intaneti ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Lengo zuri, ila lilipangwa na watu wanaolipwa tarehe 28.

Kasanga hakuna tarehe 28. Kuna mwezi wa angani. Dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa, na taa inahitaji giza. Mbalamwezi ikikaa angani, mitumbwi inalala ufukweni, nyavu zinashonwa, na fedha inakauka hadi giza lirudi. Shemeji yangu akiuza samaki vizuri anajiunga bando la siku 30 kwa furaha. Zikifika siku za mbalamwezi, bando bado lipo lakini ya mafuta ya taa na ya chumvi haipo, na ndizo siku ambazo angetamani lile bando lirudi kuwa noti. Mimi binafsi niliwahi kujiunga kifurushi cha wiki na kampuni moja ambayo sitaitaja, mnara wao pale kijijini ukazima siku tatu, na siku ya saba kifurushi changu kikaisha kama kawaida, GB zote zikiwa zimekaa kama pilau iliyosahaulika jikoni. Nilipiga huduma kwa wateja. Niliambiwa wanathamini uvumilivu wangu. Kama kuna kifurushi cha kumfaa mvuvi, ni kile kisicho na tarehe ya kuisha, hata kikiwa na GB chache. Anayenunua ruta Kasanga aanze kuuliza hilo kabla ya kasi.

Sasa umeme. Mkoa wa Rukwa kwa miaka mingi umetumia umeme unaonunuliwa Zambia. Watu wa nje ya mkoa hushangaa wakiambiwa. Sisi tumezoea, kama tulivyozoea wageni kutuuliza habari za uchawi kwa sababu jina Sumbawanga linafasiriwa "tupa uchawi". (Tumeutupa. Mtandao nao ni kama haupo tena, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine.) Umeme ukikatika, mnara unaweza kuendelea kwa betri zake au jenereta. Ruta yako ya kuchomeka ukutani inazimika papo hapo. Inabaki pambo la kabati. Chukua yenye betri ndani, ile ndogo ya mfukoni, hata kama muuzaji anakucheka kwamba ni ya wanafunzi. Inatumia umeme kidogo sana, na sola ya kawaida ya kuwashia taa mbili na kuchajia simu inaimudu.

Ninaiweka hesabu hiyo ya umeme hapa makusudi, kwa sababu kila nikishuka ziwani naulizwa juu ya dishi la intaneti ya setilaiti, Starlink. Kijana mmoja wa bandarini aliniambia, kwa sauti ya chini kana kwamba ananiuzia pembe za ndovu, kwamba ng'ambo ya pili wanalo. Ni kweli. Zambia huduma hiyo ilianza Oktoba 2023, na ukiwa Kasanga Zambia unaifikia kwa boti. Maporomoko ya Kalambo, jirani zetu hapa, yanaangukia mpakani. Kwetu, mwaka 2025 ulianza huduma ikiwa bado haijafunguliwa, na vifaa vya mawasiliano havitumiki nchini bila idhini ya TCRA, kwa hiyo lile dishi la kuvushwa usiku simshauri mtu. Lakini ninaelewa kwa nini linazungumzwa. Setilaiti za zamani zilikaa kilomita karibu 36,000 juu, ukisema "haloo" unasubiri. Hizi za sasa ziko kama kilomita 550, na mlima wa Ufipa hauna la kuzifanya. Mtu aliyebanwa na mlima akisikia kuna kitu kinachotoka moja kwa moja juu, utamwambia nini?

Nitamwambia kuhusu wati. Dishi la kawaida la aina hiyo hula wati 50 hadi 75 muda wote linapokuwa limewashwa. Ukiliacha siku nzima linapita uniti moja ya umeme. Sola ya dada yangu ingelia. Kwa nyumba ya mvuvi mmoja ni mzigo. Kwa zahanati, kwa sekondari, kwa ofisi ya bandari, ni jambo la kujadiliwa bila woga. Serikali mbili zilikaa mezani, na nyaya za umeme zikavuka mpaka zikatuwashia taa. Sioni kwa nini leseni yenye masharti yanayoeleweka ishindikane.

Tusijidanganye pia kwamba hakuna kilichofanyika. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009 na Sumbawanga umefika. Mei 2023, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulizinduliwa mradi wa minara 758 nchi nzima, na iliyosimamishwa imewatoa watu wengi juu ya vichuguu walikokuwa wakipanda kupiga simu. Ninacholalamikia ni namna ya kuhesabu. Sauti ikisikika, kijiji kimefikiwa. Pesa ya simu ikipita kwa kubonyeza nyota na reli, kijiji kimefikiwa, ingawa ile haihitaji intaneti hata kidogo. Wakati huo huo leseni ya biashara inaombwa kwenye mfumo wa Tausi, ajira kwenye mfumo wake, mkopo wa chuo kwenye mfumo wake. Nani alipita dirishani kwa dada yangu akapima kama fomu inapanda?

Mwalimu, jibu lako hili hapa: kabla ya Ijumaa zungumza na majirani wawili. Chagueni mtandao ulioshinda kwenye vipimo vya saa mbili usiku, nunueni ruta moja ya betri, ikae kwenye nyumba yenye dirisha zuri, mchangie bando kubwa la bei ya chini badala ya kila mmoja kununua dogo la bei ya juu. Andikeni kwenye daftari nani ametoa nini. Ugomvi utakuwepo, hasa wa yule mwenye kijana anayetazama mpira.

Dada yangu bado hajaafiki ruta. Mara ya mwisho nilipolala kwake, mwanawe alikuwa anaomba mkopo wa chuo kutoka Bodi ya Mikopo. Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA kiligoma kupanda tangu jioni: kinafika nusu, kinazungukazunguka, kinarudi mwanzo. Akatega alamu. Saa kumi alfajiri, nje mitumbwi ikirudi na taa zake, nilimkuta amesimama dirishani bila shati, mkono mmoja umeishika soksi isitikisike. Kwenye saa kumi na dakika ishirini fomu ikakubali. Dada aliamka kuwasha moto wa chai, akapita pale, akaubonyeza msumari kwa kidole gumba. Umeanza kulegea, akasema.