Kuondolewa Kesi Si Kutakaswa

Juzi, kwenye mazishi huku kwetu Kabianga, Kericho, mwanasiasa mmoja alishika kipaza sauti akatangaza kwamba "mtu wetu" ametakaswa na mahakama. Kesi yake ya ufisadi imeondolewa, kwa hivyo yeyote anayemwita mwizi ni adui wa jamii. Waombolezaji wakapiga makofi. Mhubiri aliyemfuata akasema Mungu ndiye aliyemtetea. Marehemu, mama aliyechuma chai tangu akiwa msichana, akasahaulika ndani ya jeneza lake. Niliondoka pale nikiwa na hasira, na haijanitoka.

Kesi ikiondolewa kabla ya ushahidi kusikizwa, hakuna aliyetakaswa. Kifungu cha 87(a) cha sheria ya kesi za jinai kinasema wazi kwamba mshtakiwa akiachiliwa kwa njia hiyo kabla ya kuitwa kujitetea, anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yayo hayo. Ikiwa sheria yenyewe imekataa kumwita msafi, wewe unayemshangilia matangani umepata wapi mamlaka hayo?

Mkulima yeyote wa chai wa hapa anajua kwamba karani akikurudishia majani kabla ya kuyaweka kwenye mizani, huna kilo. Huwezi kwenda nyumbani ukajisifu kuwa gunia lako lilikuwa zito. Hakuna aliyepima.

Rigathi Gachagua alishtakiwa Julai 2021 kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 7. Novemba 2022, yapata miezi miwili baada ya kuapishwa kuwa Naibu Rais, ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP) ikaomba kuiondoa kesi hiyo, eti ushahidi hautoshi. Mkurugenzi alikuwa yuleyule Noordin Haji ambaye ofisi yake ilimfikisha kortini. Hakimu akakubali, wafuasi wakaimba ametakaswa. Oktoba 2024 Bunge la Kitaifa likapiga kura kumng'oa, na miongoni mwa tuhuma ilikuwa kwamba amejilimbikizia mali ya shilingi bilioni 5.2. Mrengo uliomshangilia ndio uliomgeuka. Je, alikuwa msafi au mchafu? Mwananchi hajui hadi leo, kwa sababu hakuna aliyepima.

Wala si mambo ya juzi, na wala si ya maeneo mengine tu. Mwaka 2001, Kipng'eno arap Ng'eny, wakati huo mbunge wa Ainamoi hapa Kericho na aliyewahi kuongoza shirika la posta na simu, alishtakiwa kwa matumizi mabaya ya mamlaka. Mahakama Kuu ikaisimamisha kesi, na sababu mojawapo ilikuwa miaka mingi iliyopita kabla ya kumshtaki. Mawakili wa vigogo hunukuu uamuzi huo mpaka leo. Mwaka 2006 George Saitoti, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, naye akapata amri ya Mahakama Kuu kwamba asishtakiwe kuhusu kashfa ya Goldenberg. Serikali inakalia faili hadi linaota ukungu, kisha ukungu huohuo unakuwa utetezi wa mshtakiwa!

Hata Seneti imejifunza mchezo huu. Madiwani wa Kericho wamepiga kura ya kumwondoa Gavana Erick Mutai mara mbili, Oktoba 2024 na Agosti 2025. Mara zote mbili Seneti imeikataa hoja kwa sababu ya idadi na utaratibu wa kura, bila kuamua lolote kuhusu tuhuma zenyewe. Mjini Kericho watu wakasherehekea. Mimi ni mlipa ushuru wa kaunti hii, nilitaka kujua pesa zetu zilikwenda wapi, na sijaambiwa.

Kuna wanaojibu kwamba kesi hizi ni ghali, afadhali ziondolewe tuokoe pesa za umma. Hii ni hoja ya mtu aliyekataa kufikiri. Kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer ilihusu shilingi bilioni 63. Mashahidi 49 waliorodheshwa, wachache tu wakatoa ushahidi, na Desemba 2023 hakimu Eunice Nyutu akamwachilia aliyekuwa Waziri wa Fedha Henry Rotich na wenzake huku akiulaumu upande wa mashtaka. Mnaokoa nauli ya shahidi mnapoteza mabwawa?

Jirani yangu ana kijana aliyeshikwa na gunia la majani mabichi ya watu. Mamake hakuweza kulipa dhamana. Kijana akalala rumande akingoja siku yake, na hakuna wakili wa serikali aliyekuja na barua kusema ushahidi umepungua. Mama huyo huchuma majani mawili na chipukizi kwenye mvua, kisha bonasi inafika ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, nalo hilo hatujaelezwa tukaelewa. Ni yeye anayeambiwa apige makofi.

Kifungu cha 157(8) cha Katiba kinasema DPP haondoi kesi bila idhini ya mahakama. Idhini si muhuri wa kugonga. Wakili wa serikali akisimama tena kuomba kuondoa kesi ya mabilioni, hakimu amtake alifungue faili mbele ya watu wote, aeleze: siku mlipomshtaki mlisema ushahidi upo, sasa nani ameuondoa, na lini? Asipojibu, aitwe shahidi wa kwanza.