Pencheni pekee haitoshi kwa wazee wa Zanzibar

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilianza kulipa Pencheni Jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70, awe mtu alikuwa mwajiriwa, mvuvi au mkulima. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi 50,000.

Ni hatua ya kupongezwa. Lakini fedha hazimwelezi mzee kwamba dawa ya presha humezwa kila siku, hata kama kichwa hakiumi. Anayeiacha kwa kujiona mzima hujiweka katika hatari ya kiharusi.

Elimu hiyo ingeweza kupitia kwa masheha, wanaowajua wazee wao kwa majina. Nasi tulio ughaibuni, tunapopiga simu nyumbani, tusiulize tu kama pesa zimefika; tuulize pia kama dawa imemezwa.