Baiskeli nusu jangwani: Mgeni aje, mwenyeji apone?

MSAFIRI anayevuka daraja la mto Tana akitoka Garissa huingia Madogo pasipo kutambua kwamba amebadilisha kaunti. Wengi hawakawii hapo. Mabasi ya Nairobi hushika njia ya Mwingi, ilhali yale ya Mombasa hukata kusini na kufuata bonde la mto, yakipita Bura, Hola na Garsen hadi Malindi.

Ni barabara hii ya pili, ambayo kutoka Madogo hadi Garsen ina zaidi ya kilomita 200, inayostahili kutazamwa upya wakati huu ambapo kaunti kame zinatafuta namna ya kunufaika na utalii. Swali ni jepesi kuliuliza ila gumu kulijibu: Je, yamkini mtalii kuizuru nchi hii kwa baiskeli, bila gari la kumfuata nyuma?

Kimaumbile, hakuna kizuizi kikubwa. Ardhi ni tambarare. Mji wa Garissa uko takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, hivyo mteremko kuelekea pwani ni mdogo mno. Upepo nao una majira yake. Kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi, humsukuma anayeshuka kwenda Garsen, na kusi ya katikati ya mwaka humsaidia anayepanda kwenda Madogo. Mtihani ni jua. Joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na anayesafiri kwa nguvu za miguu yake hulazimika kuondoka alfajiri, kupumzika kivulini adhuhuri na kunywa lita nyingi za maji kwa siku.

Kwamba watu huweza kustahimili safari za namna hiyo si jambo la kubahatisha. Tangu mwaka wa 2003, msafara wa Tour d'Afrique umekuwa ukiwatoa waendesha baiskeli Cairo hadi Cape Town, na nchini Kenya umekuwa ukipitia Moyale, Marsabit na Isiolo. Katika miaka ya mwanzo, kabla ya barabara hiyo kutiwa lami, washiriki walihangaishwa na mawe ya volkano ya Dida Galgalu, na bado walifika.

Hata hivyo, msafara huo huandamana na magari yanayobeba chakula na mizigo. Anayesafiri bila gari ni mtu wa aina nyingine. Hana pa kuweka maji ya siku tatu wala kitoweo cha juma zima. Atanunua chai Bura, atakula wali Hola, atatafuta pa kulala Wenje, na tairi ikitoboka atamwita fundi wa kijijini. Gari la kitalii hupita vituo hivyo likiacha vumbi, ilhali baiskeli haina budi kusimama. Fedha zake ni chache, lakini humfikia mama muuza chai moja kwa moja, na haba na haba hujaza kibaba.

Isitoshe, baiskeli si kitu kigeni kwa wakazi wa bonde hili. Ndiyo inayobeba madumu ya maji kutoka mtoni na magunia ya mahindi kutoka mashambani. Hata jina boda boda lilizaliwa na baiskeli, kwenye mpaka wa Busia katika miaka ya 1960, kabla pikipiki hazijaitwaa biashara hiyo. Mafundi wanaojua kuziba pancha wapo, na kazi hawakosi, kwa kuwa miiba ya mathenge haina huruma. Mti huo, ulioletwa katika maeneo kame kupambana na uhaba wa kuni na kuenea kwa jangwa, umegeuka kero ya wafugaji na wakulima.

Vivutio navyo vipo. Hifadhi ya Tana River Primate, iliyoanzishwa mwaka wa 1976, ni makao ya mbega wekundu wa Tana na mangabi wa Tana, wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Hola ina historia nzito. Hapo ndipo wafungwa 11 wa Mau Mau walipopigwa hadi kufa mnamo Machi 3, 1959, kisa kilichoitikisa serikali ya kikoloni na Bunge la Uingereza.

Mbona basi watalii hawaji? Jibu liko katika mambo yanayowasumbua wenyeji wenyewe.

La kwanza ni mto. Mvua za El Nino za Novemba 2023 zilipofurika, barabara ya Nairobi ilikatika karibu na Madogo na abiria wakalazimika kuvushwa kwa mashua. Hali hiyo ilijirudia Aprili 2024, maji yakizidishwa na kufurika kwa mabwawa ya juu ya mto. Mwishoni mwa mwezi huo, mashua iliyokuwa ikivusha watu ilizama na baadhi yao wakapoteza maisha. Miezi michache kabla ya mafuriko ya kwanza, kaunti hiyo hiyo ilikuwa ikihesabu mizoga ya mifugo baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana.

La pili ni usalama. Kwa miaka mingi mabasi ya njia hii yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika delta yaliua zaidi ya watu 100, mzozo wa malisho, mashamba na maji ukichochewa na siasa. Shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, lilizidi kuzitia shaka balozi za kigeni, na maonyo yao kwa raia wao hayakuiacha Tana River.

Hapo ndipo mtalii wa baiskeli anapokuwa kipimo kizuri kuliko takwimu za wizara yoyote. Mwenye gari huweza kujificha nyuma ya vioo, akiwa na maji yake na askari wake. Mwenye baiskeli hana ngao. Usalama wake ni ule ule wa mchungaji anayelala porini na mwanafunzi anayetembea kwenda shule. Maji yake ni yale yale ya kisima cha kijiji. Iwapo yeye hawezi kupita salama, basi hata mwenyeji hapiti salama.

Kwa hivyo, haifai mpango wa utalii wa aina hii uanze kwa hoteli wala kwa mabango. Ungeanza kwa kuinua barabara sehemu zinazomezwa na maji kila mafuriko yajapo, kuchimba na kutunza visima kati ya kituo na kituo, na kuimarisha mabaraza ya wazee yanayopatanisha jamii za mto na za malisho. Mambo hayo yote yangewafaa wakazi hata kama asingetokea mtalii mmoja.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Madogo yafaa methali hiyo ipinduliwe: mwenyeji akipona, mgeni atakuja mwenyewe, na hatahitaji gari la kumsindikiza.