Paka hana kiburi, ni sisi tunamufukuza



Hapa masomoni tunasikia maneno haya kila siku: "Paka iko na kiburi. Unamupa samaki, anakula, anaenda zake, hata aksanti hapana." Wengine wanaongeza: "Ile ya rangi nyeusi ni ya ndoki." Halafu jiwe linarushwa. Sisi tunaona kwamba maneno hayo si ya kweli, na tunataka kusema sababu.

Kwanza, tujue paka ni nani. Mbwa alitoka kwa mbwa wa mwitu, wanaoishi kwa kundi. Paka wa nyumbani alitoka kwa paka wa mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, munyama anayewinda peke yake. Wataalamu waliochunguza jeni zao walionyesha hivyo katika mwaka 2007. Zamani sana panya walifuata nafaka za watu, na paka akafuata panya. Hakuja kama mutumwa, alikuja kama jirani. Basi hana desturi ya kuinama mbele ya mutu. Ni asili yake, si kiburi.

Na macho yanayowaka usiku? Ndani ya jicho lake kuna ngozi nyembamba inayorudisha mwangaza, kama kioo. Shika torshi, uende kwenye mbuzi usiku: macho yao yanawaka vile vile, na nyama yao tunakula bila woga! Tuwe na angalisho. Mutu anayezoea kusema "paka huyu ni ndoki", kesho atasema vile juu ya mutoto yatima. Kule Kisangani na Kinshasa watoto wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumushitaki mutoto kwa ulozi.

Tena hasara ni yetu. Hapa Yanonge tunakula mpunga na manioki ya mashamba. Panya wanapenda chakula hicho kuliko sisi, na wanatafuna hata daftari. Paka tunayemurushia mawe anahama, panya wanabaki.

Namna gani basi kupata urafiki wake? Tunashauri haya:

1. Tumupe chakula kidogo saa ile ile, pahali pale pale. Atawinda bado, kwa sababu paka anawinda hata akishiba.

2. Tusimukimbilie, tusimushike kwa nguvu. Mutu aikae chini, anyamaze, angoje. Asimukazie macho, ayafunge na kuyafungua polepole. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba paka anamukaribia zaidi mutu anayefanya hivyo.

3. Akija, tumuguse shavuni na chini ya kidevu, si tumboni.

4. Tumupe jina moja tu. Katika mwaka 2019 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba paka anajua jina lake, hata asipoitika.

5. Watoto wa paka washikwe kwa upole tangu juma la pili mpaka la saba. Ndio wakati wanajifunza kama mutu ni rafiki ao adui.

Mwenzetu mumoja atasema: "Lakini anaiba samaki!" Ndiyo, anaiba. Tufunike samaki. Sufuria iliyo wazi ni kosa la mupishi, si la paka. Na akimuuma mutu ao kumukwaruza, tusicheke: osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu mwende mbio kwa munganga, kwa sababu ugonjwa wa kichaa cha mbwa unapita kwa paka pia.

Sisi ni wanafunzi wa masomo ya Kiprotestanti. Katika Biblia yetu ya vitabu 66 paka wa nyumbani hatajwi hata mara moja. Lakini Mithali, sura ya 12 mstari wa 10, inahesabu huruma kwa wanyama kuwa alama ya mutu wa haki. Yule anayemukimbia kila mutu anakumbuka mawe tu. Tuache mawe, tungoje. Urafiki wa paka haununuliwi kwa siku moja, na kwa sababu hiyo ni wa kweli.

Wandikaji, wanafunzi wa mwaka wa tatu