Redio Yetu Inamsemea Nani?



Tunapozungumza juu ya haki, mara nyingi tunafikiria ardhi, mishahara na mahakama. Katika kurasa hizi tunaomba tutafakari pamoja jambo ambalo huingia nyumbani mwetu kila siku bila kubisha hodi, nalo ni redio. Vipindi vya redio vimebadilika mara nyingi katika mikoa yetu ya Mbeya na Iringa. Wengi hudhani kwamba mabadiliko hayo ni suala la ladha: wazee wanapenda hili, vijana wanapenda lile. Sisi tunaona kwamba ni suala la haki. Kila mtindo wa vipindi unapobadilika, hubadilika pia nani anasema, nani anasikilizwa na nani anasahaulika.

1. Tulikotoka

Wengi wetu tuliokulia vijijini tunakumbuka redio moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam. Mizizi yake ilikuwa kituo kidogo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1951, wakati wa utawala wa kikoloni. Mwaka 1965 redio hiyo iliwekwa moja kwa moja mikononi mwa serikali. Hatufichi kasoro yake. Ilisema ya serikali na ya chama, na mwenye mawazo mengine hakupata nafasi. Hata hivyo ilijua jambo moja ambalo leo linaelekea kusahaulika, yaani kwamba msikilizaji si sikio tu, bali ni mtu mwenye akili na mikono.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, watu wazima wapatao milioni 2 nchini kote walikutana katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu cha kusomea. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Watu walijadiliana juu ya malaria, kichocho, minyoo na kuhara. Wakaulizana kijiji chao kinaumwa nini, wakakubaliana la kufanya, kisha wakachukua majembe wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa utaratibu uleule. Redio ilikuwa mwanzo wa mazungumzo, haikuwa mwisho wake.

2. Dereva wa lori

Mwezi Julai 1993 ulianza mtindo mwingine, mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, na mkewe Tunu aliyebeba mzigo wa nyumba. Kwa sisi tunaoishi kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ipitayo Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, Mkwaju hakuwa mtu wa hadithi. Tulimfahamu. Wengine tulimzika.

Mchezo huo uliandaliwa kwa uangalifu. Hadi mwaka 1995 haukurushwa na kituo cha Dodoma, ili watafiti waweze kuwalinganisha waliousikia na wasiousikia. Ilionekana kwamba waliousikiliza walizungumza zaidi na wenzi wao juu ya uzazi, na wengi walichukua hatua za kujilinda na UKIMWI. Hii yatufundisha kwamba watu huguswa na kisa cha jirani kuliko amri ya mkubwa.

Maradhi yenyewe hayakuondoka pamoja na miaka ile. Utafiti wa mwaka 2011–12 ulionesha kwamba, kati ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, walioishi na virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 5.1 kwa nchi nzima. Katika mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, walikuwa asilimia 14.8. Iringa walikuwa asilimia 9.1 na Mbeya asilimia 9.0. Basi haja ya kuelimishana haikupungua. Kilichopungua ni nafasi.

3. Milango ilipofunguliwa

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi na mashirika kuanzisha vituo. Tuliishangilia, na tulikuwa na sababu. Kanisa nalo halikubaki nyuma. Radio Maria ilianza Songea mwaka 1996, na ndugu zetu Wamoraviani walianzisha Baraka FM huko Mbeya. Yakasikika pia majina ya vituo vya biashara, kama Ebony FM mjini Iringa na Bomba FM mjini Mbeya. Kwa mara ya kwanza tulisikia habari za soko letu, barabara zetu na madiwani wetu, zikisomwa na vijana waliozaliwa miongoni mwetu. Mwananchi aliweza kupiga simu na kumuuliza mkuu wa idara kwa nini maji hayatoki. Hilo ni jema, wala hatutamani kurudi kwenye redio moja ya sauti moja.

Lakini yatupasa kutazama upande wa pili. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima ukisimama mbele huyazuia. Mawimbi ya zamani ya masafa ya kati na masafa mafupi yalifika mbali, ingawa yalikoroma. Nchi yetu ni nchi ya milima: Uporoto, Kipengere, Udzungwa. Kwa sababu hiyo mtu wa mjini anaweza kuchagua vituo vingi, huku aliyeko bondeni nyuma ya mlima akipata mkoromo mtupu. Mnara hujengwa pale wanunuzi walipo wengi, wala si pale haja ilipo kubwa.

Jambo la pili ni kuuzwa kwa muda wa hewani. Kituo cha biashara huishi kwa matangazo, na umeme, mitambo na leseni hulipiwa kwa fedha taslimu. Hatuwalaumu wenye vituo kwa kutafuta riziki. Hata hivyo tumeona saa nzuri za asubuhi na jioni zikichukuliwa na muziki, mpira na michezo ya kubahatisha, na saa nyingine zikinunuliwa na mwenye dawa ya kila ugonjwa au mhubiri anayeahidi utajiri kwa atakayetuma sadaka kwa simu. Mkulima wa viazi wa Rungwe anayepunjwa kwa gunia la lumbesa hana fedha ya kununua nusu saa, wala mama anayenyang'anywa shamba baada ya kifo cha mumewe. Hapo zamani mnyonge alinyimwa nafasi kwa amri. Leo ananyimwa kwa bei. Kwake yeye matokeo ni yaleyale.

4. Gharama ya kutafuta habari

Tusisahau pia wale wanaotuletea habari. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi Daudi Mwangosi wa televisheni ya Channel Ten, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa chama cha waandishi wa habari mkoani Iringa, aliuawa akiwa kazini, wakati polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama cha siasa. Mwaka 2016 mahakama mjini Iringa ilimtia hatiani askari polisi mmoja kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Kifo hicho kiliacha somo la woga. Mtangazaji anayejua hatari hiyo, tena akiwa na ujira mdogo au hana kabisa, huona ni salama zaidi kupiga muziki kuliko kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Kwa hiyo tunaposhangaa kwa nini vipindi vimekuwa vyepesi, tusiseme haraka kwamba vijana wamepotoka. Tuulize kwanza ni nani anayewalinda wanapouliza mambo mazito.

5. Tufanye nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulitambua kwamba binadamu ana haki ya kupata habari zinazomhusu. Haki hiyo haitaletwa na serikali peke yake, wala na wafanyabiashara peke yao. Sisi walei tunao wajibu wetu.

Kwanza, tufufue vikundi vya kusikiliza. Jumuiya Ndogondogo zetu hukutana kila juma, na vikundi vya mwaka 1973 havikuwa na kitu kikubwa kuliko tulicho nacho. Kipindi kimoja chema kikisikilizwa na watu kumi, kisha kikajadiliwa, chazaa kuliko vipindi mia vinavyopita masikioni wakati wa kupika.

Pili, viongozi wa parokia waende kwenye vituo vya mahali pao, kwa heshima na bila ugomvi, waombe saa moja kwa juma ya wananchi isiyouzwa. Waende na hoja, watu wa kuzungumza na mambo yaliyochunguzwa, siyo malalamiko matupu.

Tatu, redio za madhehebu, zetu zikiwa za kwanza, zijichunguze. Kituo cha Kanisa kinachosali vizuri lakini hakimsikilizi mkulima kina upungufu, kama kile kinachopiga muziki mchana kutwa.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:

(a) Katika juma lililopita, ni nani kutoka kijijini kwetu aliyesikika redioni? Alisema nini?

(b) Ni nani miongoni mwetu asiyepata mawimbi kabisa, nasi tunampelekeaje habari?

(c) Ni jambo gani moja la haki hapa kwetu ambalo tungependa lisemwe hewani, na nani yuko tayari kulisema?

Tukishindwa kulijibu swali la mwisho, tusiilaumu redio. Tuanze kwa kutafuta huyo atakayesema, na tuwe tayari kusimama naye.