Singlendi ya wanyanyua vyuma: Mwamuzi anataka kuona nini hasa?

Neno lenyewe linachanganya. Kwa wengi, singlendi ni ile fulana ya ndani anayobaki nayo mzee akipunga upepo barazani. Kwenye mashindano ya pawalifting ni kitu kingine kabisa: vazi la kipande kimoja, linabana mwili, lina miguu mifupi na mikanda miwili ya mabegani. Bila hilo hupandi jukwaani, hata uwe na nguvu kiasi gani.

Wanaoliona mara ya kwanza hucheka au huona haya. Wengine, hasa wanawake wanaojistiri, hugeuza njia na kurudi nyumbani. Ndiyo maana ishu ya vazi hili haiishi.

Sababu yake ni ya kiufundi. Waamuzi ni watatu, na wawili wakiwasha taa nyeupe umepita. Kwenye skwati wanatazama kama kikunjo cha nyonga kimeshuka chini ya sehemu ya juu ya goti. Kwenye benchi wanatazama makalio yasinyanyuke, na tangu 2023 Shirikisho la Kimataifa la Pawalifting (IPF) linataka pia kiwiko kishuke hadi usawa wa bega au chini yake. Kwenye dedilifti, magoti yanyooke na mabega yarudi nyuma. Ukivaa bukta pana au suruali ya mazoezi, kitambaa kinaficha yote hayo.

Kwa hiyo anayechagua singlendi asiangalie rangi kwanza. Aivae, achuchumae hadi chini, kisha asimame. Mikanda ikimkata mabega, ni ndogo. Kitambaa kikifanya mikunjo nyongani, ni kubwa, na mikunjo hiyo inaweza kumponza: mwamuzi asiyeona vizuri hana sababu ya kukupa taa nyeupe. Ndani huvaliwa chupi ya kawaida. Taiti za baiskeli haziruhusiwi, na hapo wageni wengi hukwama siku ya ukaguzi wa vifaa.

Halafu kuna pesa. Kwenye mashindano makubwa ya IPF, singlendi lazima iwe ya kampuni iliyo kwenye orodha iliyoidhinishwa, kama SBD, Titan au Inzer. Kampuni hulipa ada ili ziingie humo, na tuseme ukweli, gharama hiyo humfikia mnunuzi. Kwa mtu wa Mombasa au Mwanza ongeza usafirishaji na ushuru. Kabla ya kuagiza, bora aulize waandaaji wa shindano lake kama orodha hiyo inawahusu. Mashindano madogo mara nyingi hulegeza.

Kuhusu stara, kesi iliyofungua njia ilitoka mchezo ndugu, ule wa kunyanyua vyuma wa Olimpiki. Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistan na daktari wa falsafa katika uhandisi, alizuiwa kushindana kwa kuwa nguo zake zilifunika viwiko na magoti. Hoja ya viongozi ilikuwa kwamba mwamuzi hawezi kujua kama kiwiko kimenyooka.

Yeye hakubishana na hoja hiyo. Aliandaa maelezo kuonyesha kwamba kitambaa kinachobana kinaacha umbo la kiwiko lionekane hata ngozi ikifunikwa. Tarehe 29 Juni 2011, shirikisho la dunia la mchezo huo lilikubali vazi la kubana la mwili mzima livaliwe ndani ya singlendi. Mwezi uliofuata alishindana ubingwa wa taifa wa Marekani akiwa na hijabu. Novemba akaiwakilisha Pakistan kwenye ubingwa wa dunia, nje kidogo ya jiji la Paris.

Pawalifting nayo ina nafasi kwa wanawake wanaojistiri kwa sababu za dini, mradi nguo ibane na isiwape msaada wa kunyanyua. FIFA iliruhusu hijabu 2014, mpira wa kikapu ukafuata 2017.

Paris hiyohiyo, 2024, mambo yalikuwa tofauti. Ufaransa iliwakataza wanamichezo wake wenyewe kuvaa hijabu kwenye Olimpiki, na mkimbiaji Sounkamba Sylla alihudhuria ufunguzi akiwa na kofia. Wageni waliruhusiwa. Februari 2025, Seneti ya nchi hiyo ikapitisha muswada wa kupiga marufuku alama za dini kwenye mashindano yanayoandaliwa na mashirikisho ya michezo, na kuupeleka Bunge la Taifa.

Hapa ndipo kesi ya Kulsoom inapopwaya. Aliyesema "sioni kiwiko" alionyeshwa kiwiko, yakaisha. Watetezi wa muswada wa Ufaransa hawazungumzii viwiko. Wanazungumzia dola isiyo na dini. Mnyanyua vyuma wa klabu ya mtaani huko Lyon au Marseille hana kitambaa cha kuwaonyesha. Nguo yake inaweza kubana kama ngozi, mwamuzi akaona kila kiungo, na bado asipande jukwaani.