Video ya Chama Isimvunjie Maskini Heshima

Kwaya zetu zimekwisha kujifunza kutumia YouTube. Wimbo unarekodiwa parokiani, na baada ya siku chache unasikika ndani ya daladala na jikoni kwa watu. Vyama vya matendo ya huruma bado viko nyuma. Wanachama wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wanapotoka baada ya Misa kwenda kumwona mgonjwa, ni wachache wanaojua walikokwenda. Vijana wengi hawajiungi, si kwa kukosa moyo, bali kwa kuwa hawajawahi kuona chama kinafanya nini.

Kwa hiyo tunaunga mkono wanaotaka chama kitengeneze video na kuziweka mtandaoni. Tunachopinga ni aina moja ya video ambayo imezoeleka mno: bibi kizee ameketi mlangoni kwake, amezungukwa na watu waliovaa sare, mfuko wa sembe na mche wa sabuni mbele yake, naye anaombwa aseme asante kwenye kamera.

Wapo wazee wa chama wanaosema chema chajiuza, wala hakihitaji kutangazwa. Wanatukumbusha pia onyo la Bwana katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, kwamba sadaka isipigiwe tarumbeta. Wana haki. Lakini katika hotuba hiyo hiyo ya mlimani, sura moja kabla, Bwana anataka taa iwekwe juu ya kinara, watu wayaone matendo mema na kumtukuza Baba. Mafundisho haya mawili hayapingani. Swali ni moja: anayetukuzwa ni nani, na anayelipa gharama ya utukufu huo ni nani? Katika video ya yule bibi, mtoaji anapata sifa, na bibi analipa kwa aibu yake mbele ya majirani, wajukuu na watu asiowajua.

Historia ya chama chenyewe inatufundisha. Mwaka 1833, jijini Paris, Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 20. Wapinzani wa Kanisa walimuuliza yeye na wenzake: Wakristo wa zamani walitenda mema, ninyi wa leo mnafanya nini? Vijana wale hawakujibu kwa maneno matupu. Walimwendea Sista Rosalie Rendu, aliyewafahamu vizuri maskini wa mtaa wa Mouffetard, naye akawafundisha kuwatembelea makwao kwa heshima. Mpaka leo kumtembelea mtu nyumbani kwake ndiyo kazi ya msingi ya chama. Na anayekaribishwa nyumbani kwa mtu hatoki na siri za nyumba hiyo.

Basi kamera ielekezwe wapi? Ielekezwe kwa wanachama. Waonyeshwe wakipanga ziara, wakisali kabla ya kutoka, wakifunga mizigo, wakibeba matofali ya kujengea choo cha mjane. Mwanachama mmoja aeleze kwa nini alijiunga na kazi hiyo imembadilishaje. Yatajwe mahali na saa za mkutano, na namba ya simu ambayo kweli inapokelewa. Dakika moja au mbili zinatosha, maana bando ni ghali na watu hutazama wakiwa njiani. Simu ya kawaida inafaa, mradi msemaji asogee karibu na akwepe upepo. Sauti mbovu humfukuza mtazamaji upesi kuliko picha hafifu.

Anayesaidiwa akitaka mwenyewe kusimulia, asikilizwe, lakini aombwe ruhusa siku nyingine, si wakati mkono wake umeshika msaada. Nani atakataa kupigwa picha na mtu aliyemletea chakula? Watoto na wagonjwa walindwe zaidi. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Tusisubiri sheria itukumbushe jambo ambalo upendo ulipaswa kutufundisha.

Kuhusu fedha, michango iende kwenye akaunti ya chama au ya parokia, kamwe isiende kwenye simu ya mtu binafsi. Kisha itoke video ya pili inayoeleza kilichopatikana na kilivyotumika. Video hiyo ya pili ndiyo inayojenga imani ya wachangiaji.

Tunawaomba walezi na viongozi wa vyama wawe na kipimo kimoja kabla ya kurusha video yoyote: kama huyu angekuwa mama yetu mzazi, tungependa mtaa mzima umwone hivi? Jibu likiwa hapana, video hiyo ifutwe, na ziara iendelee kama ilivyopangwa.